Nta ya Kung'arishia Gari la Ami

Gari la ami yangu halikuwa na njia ya kupita. Mtu yeyote mwenye macho angeliona hilo kwanza, na watu wa barazani kwake hawakulitaja kamwe. Kutoka hapa Rumonge mpaka kwenye shamba lake la michikichi, upande wa Kigwena, kulikuwa na kijia cha miguu tu, chembamba kiasi kwamba wachukuzi wawili wakikutana, kila mmoja na mtungi wake wa mawese kichwani, mmoja alilazimika kujitosa kwenye mihogo. Ami alikijua kijia hicho tangu utotoni. Akanunua gari.

Ami ni kaka mkubwa wa marehemu baba. Baba alipofariki alituchukua mimi na mama tukae katika ua wake, na haipiti wiki hajatukumbusha kwamba tunakaa katika ua wake. Ni yeye aliyenipeleka shule ya Wadachi huko pwani, nikasoma mpaka madarasa ya juu. Nilirudi nikijua Kidachi cha kusoma na kuandika, na nikiwa bado siwezi kusema na mtu nisiyemzoea bila masikio kushika moto. Kwa hiyo nasema na karatasi. Barazani wananiita Bubu. Siku moja mmoja wao alisema ami amepoteza mali yake bure, maana bubu akisomeshwa anakuwa bubu aliyesoma. Wakacheka mpaka wakakohoa. Nami nilikuwa palepale nawamiminia kahawa.

Gari lilitujia mwaka uleule reli ilipofika Kigoma. Lilishushwa melini ndani ya sanduku kubwa kama chumba, likawekwa juu ya mitumbwi miwili iliyoungwa kwa mbao, na watu wa Rumonge wakaingia majini mpaka kifuani kulipokea, utadhani anashuka Sultani mwenyewe. Fundi aliyekuja nalo akavunja sanduku, akatia mafuta, akazungusha mkono wa chuma, likanguruma, akalipandisha mchangani huku watu wakilisukuma, mpaka kwenye banda lililojengwa ubavuni mwa nyumba. Akamfundisha ami kuliwasha, kwenda mbele na kusimama. Kurudi nyuma hakumfundisha, kwa sababu meli ilikuwa inapiga honi. Tangu hapo, kila Ijumaa baada ya sala, ami alipanda, akaliwasha, likanguruma palepale lilipo, wanaume wa barazani wakasema mashallah, akalizima, akashuka. Hayo ndiyo yalikuwa matembezi yake.

Lilikuwa zuri, siwezi kusema uongo hata kwa hasira. Rangi yake ilikuwa kijani cha giza, kile cha majani ya msitu wa Kigwena mvua ikiwa karibu, imepakwa kwa brashi tabaka juu ya tabaka, na juu yake vanishi. Lakini safari ilikuwa imelifubaza. Chumvi za pwani, vumbi la reli, vidole vya kila aliyelifungua sanduku kutoka Dar es Salaam mpaka kwetu. Ukilitazama uliona rangi, ila ilikuwa rangi iliyolala.

Sasa nieleze vigingi.

Ami alitaka barabara mpaka shambani, na hakukusudia kuichimba kwa mikono yake. Bwana Mkubwa wa boma, Mdachi mwenye masharubu ya rangi ya majani makavu, alipita kwa meli akielekea kusini. Ami akamchinjia mbuzi, akampikia pilau, akamwonyesha gari, akamweleza jinsi mawese yatakavyofika melini upesi kwa faida ya serikali. Bwana Mkubwa akala, akafuta masharubu, akatoka na askari wake wakapigilia vigingi vyenye vitambaa vyeupe, kutoka bandani mpaka juu shambani. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha boma:

"Mimi narudi na meli. Wewe naendesha gari, toka hapa mpaka mchikichi ile ya kwanza. Mimi naona kwa macho. Kama gari iko kazi, mimi naita watu, wanachimba. Kama gari hapana kazi, hapana barabara. Umesikia?"

Mchikichi ile ya kwanza ulikuwa wa mama. Na wa pili, na karibu yote iliyofuata mpaka kwenye kijito. Baba alimwachia mama kishamba kile, na ndicho kilichotufanya tusiwe ombaomba kamili katika ua wa ami. Mama alikamua mawese yake mwenyewe, akauza mwenyewe, akajinunulia kanga bila kumwomba mtu. Vigingi vilipita katikati ya miti yake kama uzi unavyopita kwenye shanga. Barabara ikija, miti inakatwa. Hapakuwa na zaidi ya hapo.

Mama alimwendea ami siku ileile. Nilikuwa nyuma ya pazia, mahali pangu pa kawaida.

"Shemeji, ile ni miti ya ndugu yako."

"Barabara ni heri kwa watu wote, shemeji."

"Watu gani?"

"Rumonge yote."

"Rumonge iko na magari mangapi?"

Ami akamwambia mwanamke hajui mambo ya serikali. Mama akamwambia kweli, hajui, akatoka. Na watu ambao wangeitwa kuchimba, Warundi wa milimani ambao hawajaonja hata moshi wa gari lile, hao hata hakuna aliyewataja.

Basi kilichofuata ni nta. Ami alikuwa na nadharia kuhusu Wadachi, naye aliieleza barazani akiwa amekunja mguu. "Mdachi anapenda kitu kinachong'aa. Mmeona vifungo vyao? Mmeona viatu? Gari likimwonyesha masharubu yake, atakuwa amekubali kabla hajafungua mdomo." Akanigeukia. Ndani ya sanduku la vifaa lililokuja na gari kulikuwa na kopo la nta lililoandikwa Kidachi, na chupa ya tarpentini ya kuilainishia. "We Bubu. Nimekusomesha kwa ajili ya siku kama hii. Ling'arishe."

Miaka yote ile ya hesabu na jiografia, kumbe nilikuwa nasomea kopo la nta.

Fikira yangu ya kwanza ilikuwa ya kitoto, na naiandika jinsi ilivyokuwa. Nilimwambia mama kwamba nitaliharibu. Nitalipaka kitu kibaya, lipauke, linuke, Bwana Mkubwa atazame na ateme mate. Mama alikuwa anachambua chikichi, viganja vimekuwa vyekundu.

"Halafu?"

"Halafu barabara haiji."

"Mdachi atazame rangi? Yeye kasema atatazama gari likienda. Likiwa chafu likaenda, barabara imekuja. Ndiyo akili ya shule hiyo?"

Akatupa chikichi mbovu pembeni.

"Nikuulize. Zile sahani za kauri kwa ami yako, za ukutani. Umewahi kumwona anazilia?"

"Hapana."

"Lile birika la fedha, limewahi kuonja chai?"

"Hapana."

"Lile joho la Maskati, amelivaa mara ngapi?"

"Sijamwona nalo."

"Basi ling'arishe, mwanangu. Ling'arishe vizuri. Katika nyumba ile, kitu kikipendeza mno hakiguswi tena." Akaendelea na chikichi zake.

Ni kweli kabisa, na si nyumba ya ami peke yake. Watu wetu huku ziwani ndivyo walivyo. Mkeka mzuri unakunjwa na kuwekwa darini. Wageni wanakalia ule uliotoboka. Godoro la pamba linapangwa juu ya kitanda watu walione, na wenye nyumba wanalala chini. Nimekula miaka yote kwenye bakuli la bati lenye kutu nikitazama sahani za Kichina zilizochorwa maua ya buluu, zikiwa zimekaa ukutani na njaa yao. Sijawahi kuona ujinga uliotunzwa kwa usafi namna ile. Mama aliuona kama mtu anavyoona chombo cha kazi.

Hapo nikaanza kuitafuta nta kwa moyo wote.

Kopo lilikuwa limefika nusu. Bila shaka makarani wa huko njiani waliipaka viatu vyao. Kidachi chake kilisema hivi: hii ni nta ngumu itokanayo na majani ya aina ya mtende wa Brazili, paka kidogo sana kwa kitambaa laini, usipake juani, subiri ifanye ukungu, sugua. Nilimsomea mama. Akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. "Sisi tunalala chini ya michikichi, wao wanatuletea nta ya mtende kutoka kwa nani sijui huko." Lakini ile nusu ya kopo isingetosha gari zima kwa tabaka zaidi ya moja, na tabaka moja haliamshi rangi iliyolala. Kwa hiyo ilibidi kuchanganya na kitu, na hapo ndipo baraza zima liligeuka mafundi wa nta.

Wawili ndio walionisumbua zaidi. Mmoja alikuwa sajini mstaafu wa askari, aliyekuwa akivaa buti zake hata akienda kuoga ziwani. Wa pili alikuwa fundi wa mitumbwi, Mmanyema wa ng'ambo ya ziwa, mwenye sauti ya mtu anayeita kutoka mtumbwi mwingine.

"Dawa ya viatu," alisema sajini. "Nyeusi. Buti langu hili, Bwana Kapteni alikuwa ananyolea ndevu mbele yake."

"Alikuwa anakunyoa weye, ama anajinyoa yeye?" fundi akauliza.

"Funga mdomo, mla ndagala wa ziwani."

"Minasema kweli. Ile gari iko sawa na mutumbwi tu. Mutumbwi unapaka nini? Mawese! Ngozi ya mutoto unapaka nini? Mawese! Ngoma? Mawese! Na weye unataka kupaka mugari ya watu kitu ya mukuu!"

"Kitu cha nini?"

"Ya muguu! Buti si iko muguuni?"

Mwingine akataja mishumaa ya misheni, akisema Mapadri wanayo myeupe, mizuri. Basi wakakesha mchana kutwa, kama mtu anaweza kukesha mchana, wakijadili kama mshumaa wa kanisani unaweza kupakwa kwenye gari la Mwislamu, na kama mwenye gari akiliegemea udhu wake utatenguka. Ami alisikiliza kwa makini. Wanaume wazima, wenye ndevu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza gari litapita wapi.

Mimi nilichukua chaki nikachora vyumba vidogo nyuma ya gari, chini kabisa, mahali jicho halifiki, nikapaka kila kitu walichotaja, kila kimoja chumba chake.

Dawa ya viatu iling'aa haraka, kisha ikakataa kukauka. Ami alijipenyeza pale kutazama, akainama, akageuka, na kanzu yake nyeupe ikawa na doa jeusi mahali ambapo hakuweza kuliona mwenyewe. Alikaa nalo barazani mpaka magharibi. Niliwatazama wote wakiliona, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyemwambia. Ndio marafiki zake hao.

Mawese yaling'aa kuliko vyote, kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Jua lilipopanda yakalia machozi mekundu mpaka chini, vumbi likashika kama manyoya, na sisimizi wakaja kwa mstari. Fundi wa mitumbwi akasema sisimizi ni dalili kuwa kitu ni kizuri.

Mshumaa wa misheni ulipauka, mweupe-mweupe, kama mguu wa mtu aliyetembea kiangazi bila mafuta. Kila niliposugua ulipauka upya.

Nta ya nyuki ya msituni Kigwena, jinsi ilivyo, ilikuja na asali yake. Nyuki nao wakaja kuidai. Ilikuwa laini, yenye joto fulani ndani, lakini ukigusa unaacha kidole chako pale, na vumbi halibanduki.

Na nta ya kopo, katika chumba chake, ilikaa kimya na kung'aa.

Nilichokielewa ni kwamba kuna kung'aa kwa juu na kuna kung'aa kwa ndani. Mawese yanang'aa juu, kama jasho. Kung'aa kwa ndani ni kama ziwa kule Magara asubuhi isiyo na upepo, ambapo huoni maji, unaona mawe ya chini yakiwa karibu kuliko yalivyo. Rangi lazima ionekane kama iko chini ya kitu. Nta laini peke yake inaipa rangi joto ila haishiki. Nta ngumu inashika ila ilikuwa kidogo. Basi nikaiyeyusha nta ya nyuki katika maji ya moto, nikaichuja kwa merikani, nikaichuja tena na tena mpaka ikaacha kunukia asali na nyuki wakaacha kunifuata. Nikaichanganya na ile ya kopo, ngumu nyingi kuliko laini, kwenye sufuria iliyokaa ndani ya sufuria ya maji, moto nimeshauondoa kabla ya kumimina tarpentini. Fundi wa mitumbwi alitaka kurudisha kuni. Nilimshika mkono. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nilimgusa mtu wa barazani. Akanitazama kana kwamba jiwe limemshika.

"Bubu, iko nini?"

"Italipuka," nikasema.

"Yoo! Kumbe inasema!"

Kuosha nako kulikuwa na kisa chake. Ami aliagiza maji ya ziwani, ya bure na mengi. Lakini maji ya ziwa letu yakikauka kwenye kitu cheusi yanaacha madoa meupe kama chokaa. Kila mwanamke anayeosha masufuria ufukweni analijua hilo. Nikatumia maji ya mvua kutoka mtungi wa mama. Sajini akasema ninamwaga maji ya kunywa kwa ajili ya bati. Hapo tu nilikubaliana naye.

Nilipaka alfajiri, bandani, kabla bati la gari halijapata joto. Kidogo mno, kiasi kwamba ami alidhani sipaki kitu. Nilisubiri ukungu, nikasugua kwa shuka kuukuu lililofuliwa mpaka likawa laini kama sikio la mbuzi. Kesho yake tena. Na tena. Sikuwa nimefikiria kwamba nitaipenda kazi ile, na naona aibu kusema niliipenda. Palikuwa na asubuhi niliyokuta kijani kimefunguka chenyewe, kikawa na kina, na makuti ya banda yameingia ndani yake, na nyuma ya makuti mimi, na uso wangu haukuwa wa mtu anayeona haya. Nikaondoka upesi.

Ami alikuja kuliona. Akasogea, akarudi. Akavua viatu. Sijui kwa nini alivua viatu. Hapakuwa na mkeka. Akasema, "Subhanallah," safari hii bila kutazama nani anamsikia.

Tangu siku ile hakuliwasha tena, hata Ijumaa. Alisema moshi utaifubaza rangi. Akakataza kuku kupita bandani. Akakataza kukohoa. Usiku alilifunika shuka la kitanda chake. Mke wake akasema barazani kwa wanawake kwamba sasa anaye mke mwenza asiyekula, na hilo angalau ni nafuu. Mama alipita na mtungi wake kichwani, akatazama kwa pembe ya jicho, akaenda zake. Mimi sikulala vizuri. Mama alikuwa ameweka miti yake yote juu ya upumbavu wa mtu mmoja, na ingawa niliuamini sana upumbavu wa ami, sikujua kama unaweza kubeba mzigo ule.

Meli ikaja. Bwana Mkubwa akashuka na suti nyeupe, na askari wake, na haraka yake. Rumonge nzima ilikuwa pale. Waliokuja kutoka Muhuta walisema wamekuja kuuza samaki, lakini sikuona samaki.

Ami akavuta shuka. Watu wakasema haaa. Bwana Mkubwa akainama, akaona masharubu yake kwenye mlango, akayapinda kidogo upande wa kulia. Ami akanitazama kwa ushindi: si nilisema?

"Nzuri," akasema Bwana Mkubwa. "Nzuri sana. Haya. Twende mchikichi."

Ami hakuondoka pale alipo.

"Bwana Mkubwa angekunywa kahawa kwanza."

"Mimi nimekunywa melini. Twende."

"Jua kali, Bwana Mkubwa. Nta ikipata jua..."

"Gari ya Afrika naogopa jua?"

Watu wakacheka kidogo, kwa heshima. Ami akatazama ardhi kati ya banda na mchikichi wa mama. Ilikuwa ardhi ya kawaida, ngumu, yenye vijiwe na kokwa za chikichi zilizotapakaa. Niliona akiitazama kama mtu anayeonyeshwa kaburi. Kisha akapiga makofi, akaita, "Mikeka! Leteni mikeka!"

Wakaleta. Wallahi wakaleta. Ile ya darini, ya harusi, ambayo haijawahi kukaliwa na mtu, wakaitandika mbele ya magurudumu, kutoka bandani kwenda nje, ili vijiwe visiruke vikagusa rangi. Haikufika hata nusu ya njia. Sajini akatandika na koti lake. Bwana Mkubwa alitazama akiwa amefungua mdomo kidogo, na sitasema nilimpenda, lakini kwa mara ya kwanza nilimwona Mdachi akitazama kitu kwa macho yangu.

Ami akapanda. Fundi wa mitumbwi akazungusha mkono wa chuma, injini ikanguruma. Gari likatoka kivulini pole pole, likaingia juani, na naapa lilikuwa zuri, kijani chote kikawaka kutoka ndani. Magurudumu yakapanda mkeka wa kwanza. Mkeka ukajikunja, ukaliwa, ukararuka, na kipande chake pamoja na kokwa moja vikaruka vikagonga bati la juu ya gurudumu. Ti! Sauti ndogo tu. Kuku akidonoa sahani angetoa kubwa zaidi.

Ami akapiga ukelele. Akalizima, akaruka chini, akapiga magoti, akahema juu ya ile alama, akaisugua kwa ncha ya kilemba chake, akahema tena.

"Imechubuka? Bubu, njoo uone, imechubuka?"

Nikaenda. Macho ya watu wote yalikuwa mgongoni mwangu na masikio yangu yalikuwa moto. Palikuwa na mkwaruzo mwembamba kama unywele. Nta tu ndiyo iliyochubuka, vanishi ilikuwa salama. Ningeweza kuuondoa kwa kidole na nta kidogo. Nilimtazama mama, aliyekuwa amesimama chini ya mchikichi wake wa kwanza, mikono imekunjwa kifuani, hanipi ishara yoyote.

"Imechubuka, ami," nikasema. Ilikuwa kweli, tena niliisema kwa sauti. "Na huko mbele kuna vijiwe vingi kuliko hapa."

"Panda," akasema Bwana Mkubwa. "Endesha."

"Bwana Mkubwa, siku nyingine. Tukishafagia. Tukishamwaga mchanga laini..."

"Sasa."

"Siwezi, Bwana." Ami alikuwa bado amepiga magoti. "Litaharibika."

Hapo Bwana Mkubwa akacheka. Alicheka mpaka akavua kofia akajifuta macho. "Mimi nalima barabara kwa hii? Hii hapana gari. Hii bibi harusi! Wewe kaa naye ndani." Akawaambia askari kwa Kidachi, nami nilikuwa peke yangu kati ya watu wa Rumonge niliyeelewa, kwamba wang'oe vigingi vyote na wasimpotezee tena muda na huyu mpumbavu. Akashuka kwenda melini bila kuaga.

Askari waking'oa vigingi, mama alikuwa akihama kutoka mti hadi mti mbele yao, kama anayehakikisha hawakusahau hata kimoja.

Nilidhani ami ataanguka kwa aibu. Hapana. Jioni alikuwa barazani, amekunja mguu, akiwasimulia walewale waliokuwepo. "Mmemsikia? Bibi harusi! Mdachi mwenyewe, kwa mdomo wake. Amesema hata barabara ya serikali haifai kukanyagwa na gari kama hili." Sajini akasema naam, amesikia hivyohivyo. Fundi wa mitumbwi akasema ego, yaani ndiyo, na kwamba yeye ndiye aliyependekeza nta ile tangu mwanzo. Gari lilikuwa bado limekwama nusu bandani nusu nje, juu ya mabaki ya mikeka, kwa sababu ami hajui kulirudisha nyuma, na watu wakasema kesho watalisukuma, inshallah, wakinawa mikono kwanza.

Mimi niliwamiminia kahawa. Nilitaka kuwaambia Kidachi kilisemaje. Nikaona hawastahili.

Kulipokucha mama alimwita mpandaji. Akapanda mchikichi wa kwanza na panga lake, na mkungu uliokuwa umeiva kwa siku kadhaa ukaanguka kwa kishindo, vumbi likapanda. Kutoka bandani ami akapiga kelele kwamba tunamchafulia gari.

"Samahani, shemeji," mama akajibu, na akamwambia mpandaji ahamie mti wa pili.